Injini ya boti ya shemeji yangu imegonga kitu ziwani, mwalo mzima ukasema ni kiboko

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Kisa hiki kimenitokea mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Sitaongeza chumvi, chenyewe kina ya kutosha. Mwenye haraka apite tu, maana nimekaa vizuri na chai yangu na nitaandika mpaka hamu iniishe.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni fundi wa mashine za kusaga unga huku Kirewa, upande wa Tororo. Dizeli, mikanda, bearing, chekeche, hayo ndiyo mambo yangu. Maji siyajui. Kuogelea sijui. Ziwa naliheshimu sana nikiwa nchi kavu.

Halafu nina ugonjwa mmoja. Kitu kikiharibika, lazima nijue kwa nini, hata kama kimeshatengenezwa na kinafanya kazi. Mke wangu husema siku nikifa nitachelewa kuzikwa kwa sababu nitataka kwanza kuona jeneza limeungwa kwa gundi gani.

Sasa.

Dada yangu Athieno ameolewa Majanji, kule Busia yetu inakoishia ziwani. Mumewe anaitwa Egesa, Msamia, mtu mpole, maneno yake ni ya kuhesabu. Ana boti ya mbao yenye injini ile ya kufunga nyuma. Kazi yake ni kuvusha akina mama wachuuzi na magunia yao ya mukene kwenda soko la Sio Port, upande wa Kenya. Mukene ndiyo hiyo wengine mnaita omena, na wengine dagaa.

Asubuhi moja dada akanipigia simu.

"Kaka, kuja na spana yako yote. Boti ya baba watoto imegonga kitu. Watu nakataa kupanda."

Nikamwambia mimi injini za boti sijawahi hata kuzigusa.

"Injini si ni injini?" akasema, akakata simu.

Basi nikafunga toolbox kwenye bodaboda, Tororo, Busia, mpaka chini Majanji. Vumbi la njia ile mnalijua, sitalalamika.

Nilipofika nikaikuta boti imevutwa juu mchangani, imezungukwa na watu kama kuna msiba. Na kweli hali ilikuwa ya msiba msiba. Egesa amekaa kwenye ukingo wa boti, mikono katikati ya magoti. Nikamwomba anieleze ilivyokuwa.

Akasema jana yake walikuwa wanarudi kutoka soko. Boti imejaa akina mama. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa kisiwani, akaamua kukatiza njia kidogo ili wafike kabla ya mvua, akaongeza mafuta. Wakiwa karibu kufika, wakasikia gubu! Injini ikaruka juu, ikarudi majini, akina mama wakapiga kelele kila mmoja na jina la mtoto wake.

Haikuzima. Lakini kuanzia hapo kila akiongeza mafuta, injini inanguruma kwa hasira na boti haiendi. Akipunguza, inatambaa. Wakatambaa hivyo hivyo mpaka mwaloni, mvua yote ikawaishia mwilini.

Mwalo, kwa wasiojua, ni pale boti zinapotia nanga na samaki kuuzwa. Na mwalo ule una utaratibu wake. Boti ikigonga kitu ikiwa na watu, na kitu hicho hakijulikani, haipakii mtu tena mpaka kijulikane. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ila jaribu kuivunja uone kama utapata abiria.

Sababu yao ni ya maana, msicheke. Kule kuna viboko. Wanasema kiboko aliyekatwa na propela haisahau boti. Atakaa pale pale akiisubiri, na siku akiipata ataipindua na wote waliomo.

Msemaji wa akina mama alikuwa Mama Ajiambo. Mama mnene wa haja, kitambaa kichwani, kucha nyekundu za kung'aa, mchuuzi wa mukene tangu enzi za makasia. Akanitazama mimi na toolbox yangu.

"Fundi, wewe tengeneza injini, ni sawa. Lakini ile mnyama iko ndani ya maji naumwa. Siku ya soko tukikosa kujua, sisi tunahamia boti ya wengine. Na tukihamia, tumehamia."

Dada yangu, aliyekuwa amesimama nyuma, akageuka akaangalia nyumba yao. Nikaelewa mzigo ulivyo. Siku ya soko ilikuwa keshokutwa, na boti bila akina mama wale ni mbao tu za kuota uyoga.

Haya, tuje kwenye injini, hapa ndipo ninapopapenda.

Kwa kujiamini kabisa nikatangaza kwamba ni klachi. Injini inanguruma, mzigo hauendi, ni klachi tu, pikipiki zote zinafanya hivyo. Vijana wawili watatu wakaitikia kwa kichwa. Nikauliza klachi ya injini hii inafunguliwa wapi.

Egesa akasema taratibu, "Mulamu, hii haina klachi."

Mulamu ni shemeji kwa lugha ya kwao. Alilitamka kwa heshima sana, ndiyo maana liliniuma zaidi.

Nikakaa chini nikaanza upya kama mtu mwenye akili. Kwanza nikachomoa kofia ya plagi. Wakuu, hili shikeni: usiweke mkono kwenye propela kama plagi bado imevaa kofia yake. Ukiizungusha kwa mkono inaweza kuwaka, na vidole havina spea.

Nikaanzia chini. Propela ina mapanga matatu. Moja lilikuwa limemeguka ukingoni kama limeng'atwa, jingine ncha imejikunja. Lile pezi la chuma chini yake lilikuwa limekwaruzwa vibaya.

Kisha nikaizungusha propela polepole huku nimeshika njiti ya kiberiti karibu na mhimili wake, vile fundi wa baiskeli anavyopima rimu iliyopinda. Nafasi kati ya njiti na chuma haikubadilika. Kwa hiyo mhimili haujapinda. Moyo ukatulia kidogo.

Nikafungua skrubu ya chini nione mafuta ya gia. Kama maji yameingia, mafuta yanatoka meupe kama chai ya maziwa. Yakatoka safi. Tukarudisha kofia ya plagi, tukaishusha boti majini, tukawasha injini, na kile kijimkojo cha maji ya kupoozea kikatoka kwa nguvu zake zote. Pampu nzima.

Sasa gia nzima, mhimili mzima, pampu nzima, injini yenyewe inanguruma kama simba. Nguvu inapotelea wapi?

Nikakumbuka mashine zangu. Mkanda wa mashine ya kusaga ukilegea, injini hukimbia vizuri tu, ukiweka mahindi kidogo inasaga, ukijaza inakataa. Kitu kinateleza. Lakini hapa mkanda hakuna. Nikamwuliza Egesa propela imeshikana vipi na mhimili.

Akasema katikati kuna bomba la chuma linaloingia kwenye mhimili, na kati ya bomba hilo na propela kuna mpira umebanwa kwa nguvu.

Mpira!

Hapo mimi nikafurahi mpaka watu wakanishangaa. Kama mpira umeachia, bomba la ndani linazunguka na propela inabaki inajivuta nyuma. Lakini kwa macho huwezi kuona. Ukiizungusha kwa mkono inashika vizuri kabisa. Inateleza ikipewa mzigo tu.

Nikahitaji alama. Mstari mmoja kutoka bomba la ndani, upite juu ya mpira, ufike kwenye propela. Chaki itaoshwa, kalamu itaoshwa. Nikatazama huku na huku, macho yakaangukia kwenye mikono ya Mama Ajiambo.

"Mama, hiyo rangi ya kucha unayo hapa?"

Akina mama walicheka wakashikana mabega. Yeye akatoa kichupa kwenye pochi huku akininyooshea kidole, kwamba nikimaliza yote nitamwona. Nikachomoa tena kofia ya plagi, nikachora mstari mwekundu, nikaupuliza ukakauka. Egesa akarudisha kofia ya plagi, vijana wakaishika boti, akaweka gia na kuongeza mafuta kidogo kidogo mpaka injini ikanguruma. Akazima. Nikachomoa kofia, tukaiinua injini.

Mstari ulikuwa umekatika. Nusu ya ndani iko juu, nusu ya nje iko pembeni kabisa.

Watu wakapiga makofi. Nawaambia ukweli, hakuna mashine ya unga iliyowahi kunipa raha ile.

Kijana mmoja akasema basi tuchomelee, tuunganishe vyuma vyote viwe kitu kimoja. Nikamkatalia. Mpira ule ndio uliopokea kipigo. Ungekuwa umechomelewa, kipigo kingeingia moja kwa moja kwenye gia, na sasa hivi tungekuwa tunaokota meno yake.

Nikadhani nimemaliza kazi. Mama Ajiambo akafunga pochi yake.

"Asante fundi. Na kiboko?"

Nikarudi kwenye lile pezi lililokwaruzwa. Ndani ya mikwaruzo kulikuwa na unga wa kijivu. Nikaukwangua kwa kisu, nikausugua kati ya vidole. Wakuu, mimi nimejenga misingi ya mashine ngapi? Ile ilikuwa saruji.

"Mama, kiboko hana saruji," nikasema.

"Kiboko nalala wapi? Si kwa mawe?"

"Hili si jiwe. Hii ni saruji ya kununua dukani."

Wakaanza kubishana wao kwa wao. Mimi nikabaki nashangaa kivyangu. Saruji inafanya nini katikati ya maji? Nikauliza kama kuna gati la zamani. Hakuna. Daraja? Daraja la kwenda wapi.

Wakati huo Athieno akaja na sufuria ya viazi, maana tulikuwa hatujala. Akainama kuniwekea sahani, akaiona propela iliyokuwa mbele yangu. Akaacha kupakua.

Pale panga lilipomeguka kulikuwa na kipande cha rangi kimenasa, kidogo kuliko punje ya mtama. Buluu. Mimi nilikiona nikadhani ni rangi ya boti fulani.

Dada akakigusa kwa ukucha.

"Hii rangi ni yangu," akasema.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo.

Mnakumbuka ziwa lilivyopanda miaka ile, likameza mialo na nyumba za watu? Nyumba ya Egesa ilikuwa mojawapo. Boma zima. Waliokoa mabati, milango, madirisha, wakasogea juu wakajenga upya. Madirisha yale Athieno alikuwa ameyapaka buluu kwa mkono wake, rangi aliyoitafuta Busia nzima.

Rangi ikabaki kidogo kwenye kopo. Na mkwe wake, Mama Taaka, mama yake Egesa, alikuwa amefariki muda si mrefu. Kaburi lake lilikuwa pale pale bomani, la saruji, na msalaba wa saruji. Dada akaupaka msalaba ule rangi iliyobaki.

Madirisha waliondoka nayo. Kaburi huliondoi.

Dada akamwangalia mumewe. Egesa akasimama, akasema hapana, haiwezekani, bomani ni mbali na pale alipogonga, boma liko karibu kabisa na ufuko. Yeye hapiti bomani. Tangu siku ile ziwa lilipochukua boma, hajawahi kupitisha boti juu yake, anazunguka. Alisema hivyo mara mbili, sauti yake imebadilika.

Nikamwuliza anapimaje. Akasema kutoka mwaloni, kama kila mtu. Unahesabu umbali kutoka mwaloni.

"Mwalo upi?"

Akaniangalia.

Nikasema, "Shemeji, mwalo si nao ulihama?"

Kichwani mwa watu wale boma la Egesa lilikuwa hatua chache kutoka mwaloni, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa zamani. Lakini mwalo wenyewe ulirudi nyuma na ziwa. Wao wakahama na vipimo vyao vya zamani. Muda wote Egesa alikuwa anazunguka mahali pasipo na kitu. Na msimu huu maji yamepungua, msalaba umekaribia juu.

Nikasema twende tukaone. Kwa mwendo wa kutambaa mpira bado unashika. Mimi, mtu wa Kirewa, nikapendekeza safari ya majini kwa mdomo wangu mwenyewe! Udadisi utaniua.

Mama Ajiambo akainua gauni lake, akawa wa kwanza kupanda.

"Mama, si ulisema kuna kiboko?" nikamtania.

"Taaka nilikuwa nauza naye mukene. Kama ni yeye, nataka kuona."

Tukaenda, Egesa kwenye injini, dada mbele, Mama Ajiambo katikati, na mimi nimekumbatia jerikeni tupu kama mtoto mchanga. Egesa alikuwa anaoanisha mnara wa simu na paa la kanisa, vile alivyoviona siku ile ya mvua. Vilipolingana akazima injini, akachukua mti mrefu wa kusukumia, akaanza kuchoma majini.

Matope. Matope. Matope.

Tok.

Akarudia. Tok. Akasogeza kidogo, tok tena, kitu kipana. Akaweka mti chini, akavua shati, akateremka polepole ubavuni mwa boti. Maji yakamfika mabegani. Akatembea akipapasa kwa miguu. Kisha akasimama, akaingiza mikono yote miwili majini mbele yake, kama mtu anayeshika mabega ya mtu mfupi.

Nilimwona anapapasa upande mmoja, halafu mwingine.

"Mkono mmoja imevunjika," akasema. "Mama, ni mimi nimekugonga."

Wakuu, mimi machozi siyaogopi, yalinitoka. Dada alijifunika uso kwa leso. Egesa akainamisha kichwa, maji yakamfika kidevuni.

Mama Ajiambo ndiye aliyetuokoa. Aliegemea ukingo, boti ikalala upande, mimi nikasema kwaheri kimoyomoyo. Akachota maji kwa kiganja, akayarudisha pale.

"Taaka, umetushtua sisi wote," akasema kwa sauti yake ya sokoni. "Mtoto wako hakujua. Alikuwa nakuzunguka miaka yote, ni mahali ndiyo alikosea. Sasa anajua."

Halafu akamgeukia Egesa. "Toka kwa maji, utashikwa na homa. Kesho kutwa tunakwenda soko."

Na ikawa hivyo. Nilipeleka propela Busia, kwa fundi mwenye presi ya kubania bearing, akasukuma mpira mpya ndani. Mapanga nikayanyoosha na kuyapiga tupa mwenyewe. Siku ya soko asubuhi akina mama wote walipanda, na yule mnene alikaa mbele kabisa akitangaza kwa kila boti iliyopita kwamba kiboko wa Majanji amejulikana, na ni mama wa watu.

Pale mahali Egesa alisimika mti mrefu na jerikeni nyeupe juu yake. Boti zote zinazunguka. Yeye akifika hapo anapunguza mafuta, na abiria hawamwulizi sababu.

Nilichojifunza ni kwamba chombo kikigonga kitu, usikimbilie kukarabati tu. Chunguza kidonda, kina habari za kilichokigonga. Ningeosha ile propela kwa petroli kama nilivyotaka mwanzoni, leo tungekuwa bado tunamsingizia kiboko. Na mpira wa propela usichomelewe, nimesema.

Lakini sijaleta uzi huu kuwafundisha. Nina shida.

Wiki hii dada amenipigia tena. Maji yameshuka zaidi, na ncha ya msalaba imeanza kuonekana asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Egesa ameshauunga ule mkono uliovunjika, amesimama majini kutwa nzima na nondo na saruji yake. Sasa Athieno anataka kuupaka upya. Buluu ile ile. Nimeipata hapa Tororo, kopo liko mezani mbele yangu ninapoandika.

Sasa mafundi wa rangi mliomo humu, naomba mnijibu hapa chini, na wengine mchangie mlichonacho: tupake nini kwanza ili rangi ishike kwenye saruji iliyolowa, na isitoke ziwa likipanda tena?